Niliweka nadhiri wodini, sasa wifi ameunda kamati

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Makorora hapa Tanga. Kazi yangu ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Ngamiani. Nimezaliwa Muheza kwenye familia ya Kianglikana, babu yangu alisoma shule ya misheni kule Magila, na nilipoolewa nikahamia KKKT, Kanisa la Kilutheri, kwa mume wangu, Msambaa wa Lushoto. Yeye ni dereva wa malori ya masafa marefu. Ni mtu mwema, hanywi, na akiwa nyumbani ndiye anayeongoza ibada ya jioni. Naanza kwa kumsifu usije ukadhani nimekuja kumshitaki.

Binti yetu wa mwisho alizaliwa kabla ya wakati, mimba ikiwa na miezi saba. Alikuwa na kilo moja na gramu mia tatu. Baba yake yuko safarini njia ya Kigoma, simu haipatikani. Eliya, mkubwa, alikuwa darasa la kwanza, na mdogo wake hata chekechea hajaanza. Niliwaacha uani, sufuria ya maharage ikiwa jikoni, nikapandishwa bajaji. Aliyenipandisha ni jirani yangu, Mama Zuhura. Akaniambia, "Nenda. Hawa ni wangu."

Wodini tulikaa sana. Wanaojua kulea njiti wanaelewa: mtoto unamfunga kifuani ngozi kwa ngozi, ndiyo wanaita kangaruu, mchana na usiku. Maziwa unakamua kwenye kikombe, yanapimwa, yanapitishwa kwenye mrija wa puani. Ukipiga chafya unaogopa umemuumiza. Asubuhi wauguzi wanapita na mizani, na kina mama wote tunanyamaza kusubiri namba. Mtoto akiongezeka gramu ishirini, wodi nzima vigelegele. Akipungua, hakuna anayekutazama usoni.

Usiku mmoja mtoto wa kitanda cha pili alifunikwa shuka. Nilimbana wangu kifuani nikasema, na maneno nayakumbuka kama yalivyotoka: "Bwana, ukiniachia huyu, nitasimama naye mbele ya kanisa lako nikushukuru."

Muda wote huo wanangu walilala kwa Mama Zuhura, mkeka mmoja na watoto wake. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Amefunga, anapika uji ambao yeye hanywi, anautia kwenye hotpoti ya bluu, anapanda daladala juani kuniletea. Akirudi anabeba kanga zangu chafu akazifue. Shangazi, kanga zile zilikuwa za mzazi. Mama yangu mzazi alishafariki. Nani mwingine angezifua?

Mtoto aliishi. Sasa ana miaka sita, Januari anaingia darasa la kwanza, na Eliya kamaliza la saba, anasubiri kwenda kidato cha kwanza. Nadhiri yangu sijaitimiza. Kwanza tulingoja akue, kisha baba akabadilisha kazi, kisha ukawa mwaka mwingine, na mwingine.

Mwaka huu mume wangu mwenyewe ndiye aliyesema Desemba tutoe shukrani. Nilifurahi mpaka nikalia. Basi wifi yangu akaingia. Wifi ameunda kamati. Kuna mwenyekiti, mweka hazina na kundi la WhatsApp. Kuna ukumbi, mapambo, mshereheshaji, keki, sare za kitenge kwa ndugu wote, na bajeti ya shilingi 2,600,000. Ahadi ni nyingi, ila michango iliyolipwa kweli kweli ni laki sita. Mume wangu ameshakopa kazini, hawezi kuongeza, kwa hiyo zamu ni yangu: nichukue milioni moja kwenye kikoba chetu, riba asilimia 10, marejesho miezi mitatu kuanzia Januari. Januari hiyo hiyo.

Niliposema tufanye kidogo, wifi akanijibu kwamba Mungu hapewi makombo. Kisha mama mkwe akapiga simu kutoka Lushoto. Akasema hizi homa zinazomrudia mtoto ni kwa sababu nadhiri imelala, na Mungu ana njia zake za kukumbusha. Tangu siku hiyo silali. Mtoto akikohoa tu, moyo unanilipuka.

Jambo lingine. Mimi nilichotaka hasa ni Mama Zuhura akae mbele, kiti cha heshima, nimshukuru kwa jina watu wote wasikie. Wifi amesema siku ile ni ya kumshukuru Mungu, si binadamu, tena Mwislamu atakaaje mbele ya madhabahu. Mume wangu kanyamaza. Na kwenye orodha ya vyakula shemeji ameandika kitimoto, nyama ya nguruwe. Sasa Mama Zuhura atakula nini?

Nikope? Nikifanya kidogo, nadhiri itahesabika? Na huyu jirani nimweke wapi?

Mwenye nadhiri, Makorora

Nyongeza: wifi keshanunua vitenge vya sare, ameniletea nishone. Malipo hajataja.

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na homa, maana ndiyo inayokunyima usingizi. Homa inayorudi rudi kwa mtoto ni ya kupimwa. Tunaishi pwani, mbu wapo. Kipimo cha malaria cha kutoboa kidole hutoa jibu kabla hujamaliza kuzungumza na mwenzako kwenye benchi, na kikisema hakuna malaria usikubali kurudishwa nyumbani na panadoli peke yake. Mwambie daktari kwamba mtoto huyu alizaliwa njiti na kwamba homa hii si ya kwanza, amwangalie kifua, masikio na mkojo. Nenda na kadi yake ya kliniki, hata kama imechakaa. Fanya hivyo wiki hii, kamati haijakutana tena.

Mama mkwe wako simlaumu. Amesema kwa hofu ya bibi, na mabibi wengi wa makanisani wanaamini hivyo. Lakini swali lake lilishaulizwa zamani. Wanafunzi wa Yesu walimwona kipofu tangu kuzaliwa wakataka kujua nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yohana sura ya 9. Jibu lilikuwa: si huyu, wala wazazi wake. Ukimpigia simu, usibishane naye. Mwambie umempeleka mtoto hospitali, mpe majibu ya vipimo, na umwombe amwombee. Bibi akipewa kazi ya kuombea atatulia.

Sasa nadhiri. Hapa sitakuwa mpole kama unavyotarajia, maana nadhiri si kitu cha kupuuza, na wewe unalijua hilo kuliko wifi yako. Mhubiri amesema wazi kwamba afadhali usiweke nadhiri kuliko kuiweka usiiondoe. Kwa hiyo itoe. Desemba hii, isivuke mwaka. Lakini itoe ile uliyoiweka.

Yasome tena maneno yako, umeyaandika mwenyewe: nitasimama naye mbele ya kanisa lako nikushukuru. Nimeyasoma mara mbili nikitafuta keki, sijaiona. Ukumbi sijauona. Mshereheshaji hayumo, kitenge hakimo. Uliahidi kusimama, uliahidi kuwa naye, uliahidi kanisa, uliahidi kushukuru. Hivyo vyote unavyo tayari na havikodishwi. Hayo mengine ni ahadi za wifi, na kama ni nadhiri basi ni nadhiri yake, aitimize kwa mfuko wake.

Utaratibu unaujua. Mnamwona mzee wa kanisa wa mtaa wenu, anamwambia mchungaji, jina linaingia kwenye matangazo. Jumapili ikifika familia inakwenda mbele na bahasha yake, mnaombewa, kwaya inaimba ubeti mmoja au miwili, mnarudi kukaa. Nimeona watu wakitoka pale na uso umebadilika, na bahasha ilikuwa na elfu kumi. Nimeona pia, kwenye mnada wa mavuno, papai moja likinunuliwa elfu hamsini na mtu ninayejua anadaiwa kodi ya nyumba, huku akipigiwa makofi. Makofi yale nadhani hayakuvuka paa la bati.

Wifi atakuletea Hana, mama yake Samweli. Jiandae. Atakwambia Hana alipokwenda kuitimiza nadhiri yake alibeba ng'ombe, unga na divai. Ni kweli, alibeba. Nawe mwambie mambo mawili kutoka sura hiyo hiyo. La kwanza, Hana alisubiri mpaka mtoto alipoachishwa ziwa, na hakuna aliyemwambia kuwa amechelewa. La pili, mumewe Elkana alimwambia afanye aonavyo vema. Nyumba ile ilikuwa na mifugo, ikatoa mifugo.

Kisha mpeleke kwa mama mwingine. Sheria ya Walawi, sura ya 12, ilimtaka mwanamke aliyejifungua alete mwanakondoo, na ikaweka mlango kwa asiye na uwezo: kama mwanakondoo hampati, alete hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Luka katika sura ya 2 anatuambia Mariamu na Yosefu walipompeleka mtoto hekaluni walitoa sadaka gani. Ile ya ndege wawili. Ya watu wa chini. Na aliyebebwa mikononi siku ile alikuwa nani? Yosefu alikuwa fundi kama wewe, mtu wa kazi za mikono, na sijasoma popote kwamba alikwenda kukopa kondoo ili ndugu wa Nazareti wasimcheke. Wifi anasema Mungu hapewi makombo. Sawa, hapewi. Wala hapewi pesa ya kikoba.

Maana hiyo pesa tuihesabu. Milioni moja kwa riba hiyo ni 1,100,000. Kwa miezi mitatu ni kama 367,000 kila mwezi. Januari unavalisha sare watoto wawili, mmoja wa darasa la kwanza na mmoja wa kidato cha kwanza. Ada hatulipi tangu 2016, namshukuru Mungu na serikali, lakini viatu, begi, madaftari na sweta havigawiwi bure, na wewe mama ndiye unayejua bei zake. Februari wateja wa cherehani wanakuwa wamekauka. Utakaa kwenye mkutano wa kikoba huna hisa wala marejesho, na walioweka saini kukudhamini ni wanawake wenzako, watakatwa akiba zao. Ukikwepa aibu hiyo utakwenda wapi? Kwa wale wa kausha damu, wakopeshaji wa riba ya kuumiza. Hao wakija hawabebi kochi, wanabeba kitu kinachouzika haraka, na nyumbani kwako kitu hicho ni cherehani. Nisikie vizuri: usikope. Hata wakikuambia mtachangiwa baadaye. Ahadi za kundi la WhatsApp hazinunui mchele.

Mnazo laki sita mkononi. Hizo ndizo bajeti. Sadaka itoke humo, mchele na nazi vitoke humo, mbuzi mmoja, soda, basi. Mle uani kwenu, mkeka na viti vya kuazima. Ukumbi wa nini wakati nadhiri ilihusu kanisa?

Kuhusu mumeo nina neno, na hili huenda hujaliwaza. Umeniambia mtoto alipozaliwa alikuwa njia ya Kigoma na simu haikupatikana. Amekuja akakuta wewe umekonda, mtoto yuko kifuani kwako, wanawe wanalala kwa jirani, na yeye hakuwapo. Mwanaume mwenye moyo habebi jambo kama hilo kirahisi, na kwa kawaida hasemi. Anapokubali ukumbi na keki, sidhani kama ni majivuno. Nadhani anajaribu kulipa zile siku. Na kunyamaza kwake ulipomtaja Mama Zuhura, pengine ni hapo hapo: jirani alifanya kazi iliyokuwa yake.

Kwa hiyo usimwendee na hesabu za kikoba kwanza. Akirudi safari mwache aoge, ale, alale usingizi wa dereva. Kesho yake, simu zikiwa mbali, mwambie, "Baba Eliya, siku ile nataka wewe ndiye useme." Baba ndiye asimame mbele aseme kwamba hakuwapo, na Mungu alikuwapo, na jirani alikuwapo. Akilipata hilo, keki ataiacha mwenyewe. Ndipo umwonyeshe hesabu. Na habari ya kumwambia wifi kwamba kamati inavunjwa ni kazi yake yeye, ni dada yake. Wewe usiandike neno kwenye lile kundi, hata wakikuchokoza. Hasa wakikuchokoza.

Haya, Mama Zuhura.

Wifi anasema siku hiyo anashukuriwa Mungu, si binadamu. Amfungulie Paulo, Warumi 16. Mtume yule, mwishoni mwa waraka wenye mafundisho mazito kuliko yote aliyoandika, anasimama kuwataja Priska na Akila, akisema walikuwa tayari kukatwa kichwa kwa ajili yake, na kwamba anawashukuru, yeye na makanisa yote ya Mataifa. Kwa majina. Kanisa likasomewa, na linasomewa mpaka leo. Na huyo jirani yako naye amefundishwa madrasani tangu mtoto, kutoka kwa Mtume wao, kwamba asiyewashukuru watu hamshukuru Mwenyezi Mungu. Kwa hiyo hapo Makorora mnaoafikiana ni wengi, aliyebaki nje ni wifi.

Lakini na wewe nakupinga kidogo. Kiti cha mbele umemwandalia, umemuuliza? Wako majirani Waislamu wanaokuja harusini kanisani, wanakaa, wanashangilia, wanatoka. Wako wasiopenda, kwa sababu zao na imani yao, na hawatakwambia hapana kwa kuwa ni watu wenye haya. Atakuja, atakaa mbele akitazamwa na usharika mzima, kitambaa cha kichwani atakirekebisha mara mia. Hiyo itakuwa heshima kwako zaidi kuliko kwake. Nenda kwake siku ya kawaida, bila zawadi mkononi, kaa barazani, mwambie mnachotaka kufanya, umuulize angependa awepo wapi. Akisema kanisani, mwandalie kiti, na atakayenuna anune. Akisema nyumbani, ni nyumbani. Jina lake litajwe kanisani vyovyote vile, awepo asiwepo.

Chakula sasa. Kitimoto kifutwe, na shemeji asipewe nafasi ya kujadili. Anapojua pa kukila atakwenda siku nyingine. Mbuzi achinjwe na Mwislamu, kama ambavyo Wakristo wengi wa pwani yetu tumekuwa tukifanya kwenye misiba na harusi ili mtaa mzima ule bila kuuliza. Mwombe mume wa Mama Zuhura, au mzee mwingine wa mtaa anayeaminika. Sufuria azimeni zile ambazo kila mtu anajua hazijawahi kupika kingine. Mambo haya unayajua, ila nayataja kwa sababu kamati yenye watu wa Lushoto na Dar inaweza isiyajue, na jirani atakunywa soda tu akisema ameshiba.

Na tukiwa kwenye Walawi, sura ya 7 inasema nyama ya sadaka ya shukrani iliwe siku ile ile inayotolewa, isibakizwe hata asubuhi. Fikiria mnyama mzima, familia moja, siku moja. Haiwezekani mpaka umeita watu. Mimi naona sheria ile ilimlazimisha mwenye shukrani kugonga milango ya majirani. Kwa hiyo ukiulizwa kwa nini uani kwako kumejaa wanawake wenye ushungi, jibu lipo, tena ni la Agano la Kale.

Siku hiyo wanawake wa mtaa watakuja alfajiri kumenya vitunguu na kukuna nazi, na Mama Zuhura atataka kuja na mbuzi yake ya kukunia mkononi. Mzuie. Akae. Eliya ndiye amnawishe mikono, maana yule ana kumbukumbu zake mwenyewe za ule mkeka. Muulize siku moja, utashangaa anakumbuka nini. Watoto wengi waliolelewa na jirani kwa muda hawajawahi kuulizwa.

Zawadi usimpe bahasha mbele za watu. Mwanamke aliyefua kanga za mzazi huwezi kumlipa, na ukijaribu utamwaibisha. Wewe ni fundi. Ana mtoto wa shule? Chukua vipimo vyake kimya kimya umshonee sare za Januari, mbili mbili, mshono wa kudumu, na pindo la kushushia mtoto akirefuka. Yeye mwenyewe mtafutie doti moja ya kanga, na jina la kanga hiyo ulisome mpaka mwisho kabla hujalipa. Kuna kanga nzuri sana za rangi zenye maneno ya kumpasha mke mwenza.

Kuna jambo moja hukuniuliza, lakini limo kwenye barua yako na limenikaa. Yule mama wa kitanda cha pili.

Nadhiri yako iliwekwa mtoto wake akiwa amefunikwa shuka. Yeye naye aliomba, mwanangu. Pengine aliomba zaidi yako. Alikamua maziwa kama wewe, alisubiri mizani kama wewe. Utakapopewa kipaza sauti, au mumeo akipewa, mtakuwa mnaongea mbele ya viti ambavyo kuna wanawake waliozika watoto wachanga, wengine bila hata kupewa nafasi ya kuwapa jina. Mara nyingi hawajulikani. Kwa hiyo usiseme "niliomba kwa imani, Mungu akanisikia," kwa namna itakayomfanya mwenzako arudi nyumbani akijiuliza imani yake ilipungua wapi. Sema alichokupa, usieleze kwa nini alikupa wewe, kwa sababu hujui, na mimi sijui, na mchungaji wako akiwa mkweli atakwambia naye hajui. Unaweza kusema, "Kulikuwa na mwenzangu wodini ambaye mtoto wake hakutoka. Namkumbuka leo." Inatosha. Na kama jina lake unalo, au namba, mtafute kabla ya Desemba. Si kumwalika. Kumjulia hali tu.

Unaandika kwamba mtoto akikohoa moyo unalipuka. Hilo halitaisha na sadaka, nisikudanganye. Mama aliyeshika mtoto wa kilo moja na gramu mia tatu ataendelea kusikiliza pumzi usiku hata mtoto akiwa chuo kikuu. Usilichukue kama deni kwa Mungu. Mtoto ana miaka sita, anapigana na kaka zake, anakataa kisamvu, anakwenda shule. Usiku ukiamka kumsikiliza na ukakuta anakoroma, sema asante hapo hapo kitandani, kwa kunong'ona, urudi kulala. Hizo shukrani za usiku umeshazitoa nyingi kuliko unavyojua, na hakuna kamati iliyoziratibu.

Vitenge vya wifi: vipime, vihesabu mbele yake, mwandikie bei kwenye karatasi kama mteja yeyote. Mpunguzie kwa kuwa ni ndugu. Nusu atangulize kabla hujakata kitambaa, na nusu amalize siku ya kuchukua. Akisema shukrani si biashara, mwambie uzi unanunuliwa.

Shangazi